Nanga Arudi Darasani

Nyumba ile ilikuwa na sauti zake za kila asubuhi. Cherehani ililia chumba cha mbele, maji yalimwagika uani. Mume alikuwa fundi cherehani. Mke alikuwa mzamiaji. Kwenye kamba ya nguo, gauni la mteja lilining'inia bega kwa bega na vazi jeusi la mpira la kuzamia. Majirani walishazoea.

Bandarini mke huyo aliitwa Nanga, maana akishuka majini hayumbi. Alikagua nguzo za gati, akakata kamba zilizonasa kwenye mapangaboi ya vivuko, akaibua vitu vilivyozama. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo pale, na jambo hilo hakulificha.

Binti yao, kifungua mimba, walimwita Chiriku. Mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa amemaliza shule, na alitaka kufuata kazi ya mama yake.

"Mama, siku nitakayozamia na wewe nitanyamaza," alisema.

"Samaki watashukuru," baba yake akajibu, huku akitunga uzi kwenye sindano.

Siku moja mkuu wa wazamiaji aliwaita wote gatini.

"Viwango vya mafunzo vimebadilika," alisema. "Kila mzamiaji atasoma na kupimwa upya, mkongwe kwa mgeni. Asiye na cheti kipya hatashuka majini."

Wakongwe waliguna. Wengine walicheka. Nanga hakuguna wala hakucheka. Alirudi nyumbani, akabwaga mfuko wake mlangoni.

"Eti nirudi bwawani kujifunza!" alimwambia mumewe. "Mimi! Huko si kumfundisha samaki kuogelea?"

Fundi alisimamisha cherehani. "Mama Chiriku, nilipoanza kazi hii suruali zilikuwa pana miguuni kama kengele. Nikimshonea mtu ile leo, atanirudishia mlangoni."

"Suruali mbaya haiui mtu."

"Ndiyo maana suruali haina cheti," alisema fundi, akaendelea kushona.

Nanga aliona ni kweli. Hilo lilimuudhi zaidi.

Jioni yake jirani yao alikuja kuchukua shati lake. Huyu alikuwa mkufunzi wa wazamiaji, kijana kuliko Nanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuchukua shati, au umetumwa unichukue mimi?"

Mkufunzi alicheka, akavuta kiti. "Mama, hakuna aliyesema hujui kazi. Hata mimi nilirudishwa darasani. Cheti changu cha kwanza kilinifunza mambo ambayo leo siruhusiwi kumfunza mtu."

"Kama yapi?"

"Wewe ulifundishwa kupanda juu kwa kasi gani?"

"Kufuata mapovu yako madogo. Usiyapite."

"Na mimi hivyo hivyo. Siku hizi tunapanda kwa nusu ya kasi ile. Tukibakiza mita tano kufika juu, tunasimama dakika tatu. Ndipo tunatoka."

"Kwani maji yamebadilika?"

"Maji ni yale yale, mama. Tunachokijua ndicho kilichoongezeka." Aligeuka. "Chiriku, una chupa ya soda?"

Chiriku alileta soda. Mkufunzi aliitikisa.

"Ukiwa chini, maji yanakukandamiza, na hewa unayopumua inajipenyeza kwenye damu. Ukipanda taratibu, inatoka kidogo kidogo kwa pumzi. Sasa tazama mtu anayepanda mbio."

Alifungua kizibo ghafla. Povu liliruka mpaka mezani.

"Kitambaa cha watu!" fundi alipiga kelele, akakinyakua.

"Samahani, fundi. Lakini ndivyo damu inavyofanya. Mapovu yakikaa kwenye viungo, utasikia maumivu. Yakiingia kwenye uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza."

Nanga alijishika bega bila kujua. Siku za kuzamia chini sana, bega hilo lilimuuma mpaka kesho yake.

"Nilidhani ni uzee," alisema taratibu.

"Huenda ni uzee, huenda siyo. Kamwone daktari anayewajua wazamiaji. Hicho nacho ni kiwango kipya: hakuna anayeshuka majini kabla ya kupimwa masikio, moyo na mapafu."

Nanga aliuliza swali lililokuwa limemkaa moyoni.

"Na kupokezana hewa? Mwenzako akiishiwa, unampa kipumulio chako anavuta, anakurudishia unavuta. Mimi nilikuwa bingwa wa hilo. Kumbe nalo limefutwa?"

"Ulikuwa bingwa, na sifa zako nimezisikia. Lakini mtu aliyeshikwa na kiwewe akipata kile kipumulio, harudishi. Badala ya kuzama mmoja, wanazama wawili. Siku hizi kila mzamiaji anabeba kipumulio cha pili, cha njano. Mwenzako akiishiwa unampa hicho, na wewe unabaki na chako."

"Ni kitu kidogo tu," Nanga alisema.

"Kidogo, lakini hatukukiona mpaka watu walipokufa."

Nanga alitazama povu lililokuwa likikauka mezani. "Nitakuja," alisema. "Ila usinipendelee."

"Na mimi nakuja!" Chiriku alidakia.

Basi mama na binti wakawa wanafunzi wa darasa moja. Daktari aliwapima, akawaruhusu. Nanga alilipumzisha bega na kulifanyia mazoezi, likapona. Darasani Chiriku alielewa haraka. Bwawani Nanga alikuwa kama yuko sebuleni kwake. Kila mmoja alimcheka mwenzake kwa zamu.

Walifundishwa kukaguana kabla ya kuingia majini: jaketi la kuelea, mikanda ya uzito, vifungo, hewa. Nanga zamani alijikagua mwenyewe, tena kwa kupapasa. Walifundishwa kutobana pumzi wakati wa kupanda, kwa sababu hewa hutanuka na inaweza kupasua mapafu. Walifundishwa kusoma saa ya kuzamia inayovaliwa mkononi. Saa hiyo huonyesha kina, muda, na kasi ya kupanda. Ukikimbia, inalia.

Siku ya mtihani walipelekwa kwenye maji ya kina. Chiriku alishuka, akafanya kila kitu, akapanda, akafaulu.

Kisha ikawa zamu ya Nanga. Alishuka wima kama jina lake. Alivua miwani ya kuzamia, akaivaa tena, akaitoa maji. Alimpa mkufunzi kipumulio cha njano bila wasiwasi. Lakini wakati wa kupanda, miguu ilifanya ilivyozoea. Mapezi yalipiga. Saa ililia, mita tano zikapita, na Nanga akaibuka juu kama kizibo.

Mkufunzi alipoibuka, hakuzungusha maneno. "Mama, hujafaulu."

Nanga alivua miwani. Wanafunzi wote walikuwa wanatazama, na mbele yao binti yake.

"Nilisema usinipendelee," alimwambia mkufunzi. "Ahsante."

Nyumbani, hata hivyo, hakugusa chakula. Fundi alimsogelea.

"Mwenda pole hajikwai, mke wangu. Sasa unalipwa kwa kwenda pole, bado unakimbia!"

Nanga alijizuia kucheka, akashindwa.

Tangu siku hiyo Chiriku akawa mwalimu wa mama yake. Kila jioni bwawani walipanda pamoja, uso kwa uso. Nanga akipiga pezi haraka, Chiriku alimshika mkono. Walisimama katikati ya maji, hawazami wala hawapandi, wakisawazisha miili kwa pumzi tu. Mwanzoni Nanga alipanda na kushuka kama ndoo kisimani. Siku moja akatulia. Alibaki pale pale, mikono kifuani, na Chiriku akampigia makofi chini ya maji, makofi yasiyosikika.

Aliporudia mtihani, saa haikulia hata mara moja.

Fundi alikitia cheti cha mkewe kwenye fremu, na cha bintiye kando yake. Alivitundika ukutani karibu na kioo. Mteja akija kupimwa nguo, ilibidi kwanza asome.

Muda si mrefu mama na binti walipewa kazi pamoja. Ilikuwa kukagua nguzo za gati la vivuko. Walikaguana, wakapeana ishara, wakashuka. Maji yalikuwa na ukungu. Nanga aliangaza nguzo kwa tochi, Chiriku akapima nyufa.

Ghafla kipumulio cha Chiriku kiliharibika. Hewa ilianza kumwagika kwa kelele. Mapovu yalimfunika uso. Mshale wa kipimo cha hewa ulishuka upesi, na mara mtungi ukawa mtupu. Chiriku alipitisha kiganja shingoni: sina hewa. Akatazama juu. Mwangaza ulionekana karibu. Akapiga pezi.

Nanga alimdaka mkanda wa jaketi. Mkono wake mwingine ulikuwa tayari umeshachomoa kipumulio cha njano. Alikiweka kinywani mwa binti yake. Chiriku alivuta hewa, akavuta tena. Macho yake yakapungua ukubwa. Nanga alimwonyesha ishara: shwari? Chiriku akajibu: shwari.

Nanga alitazama kipimo cha hewa yake. Iliwatosha wote wawili. Alimshika Chiriku mkono, wakaanza kupanda polepole, huku wakipumua na bila kubana.

Walipobakiza mita tano, Nanga alisimama. Moyo wa mama ulimwambia: mtoe mtoto, mtoe sasa! Chiriku naye alitazama juu kwa hamu. Nanga alitikisa kichwa, akamwonyesha saa. Wakakaa hapo, uso kwa uso, kama walivyokaa bwawani jioni zile zote. Dakika zilipotimia, wakapanda na kuibuka kwenye jua.

Mkuu wa wazamiaji aliwavuta kwenye boti iliyokuwa ikiwangoja. Daktari aliitwa, akawaangalia, akawakuta salama salimini. Chiriku alikaa, amejifunika taulo, hasemi neno.

"Chiriku mwanangu, vipi?" Nanga aliuliza. "Mbona kimya?"

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "ningetoka mbio."

"Najua. Zamani tungetoka mbio wote wawili, tena tungejisifu."

Hapo ndipo Chiriku alipomkumbatia mama yake, mavazi yao ya mpira yakichuruzika maji. Kisha akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka nyumbani.

Habari ile ilifika kila kona ya bandari. Wakongwe waliokuwa wakicheka wakaanza kuja mmoja mmoja kwa Nanga. Wengine walijifanya wamekuja kushonesha suruali. Mkufunzi alimwomba Nanga amsaidie darasani. Nanga alisomea na hilo pia, akapata cheti cha msaidizi wa mkufunzi. Akawa mwanamke wa kwanza kukipata pale, na hilo nalo hakulificha.

Siku ya kwanza ya darasa jipya, alisimama kando ya bwawa na saa mkononi. Mbele yake walikaa vijana, na wakongwe wenzake wenye mvi. Mkongwe mmoja alinyoosha mkono, uso umekunjamana.

"Nanga, sema kweli. Wewe ulifaulu mara ya kwanza?"

"Sikufaulu," Nanga alijibu kwa sauti iliyofika mwisho wa bwawa. "Nilifeli mchana kweupe, mbele ya mtoto niliyemzaa. Na yeye ndiye aliyenifundisha mpaka nikafaulu."

Watu waliangua kicheko. Mkongwe naye alicheka, na uso wake ukakunjuka.

"Haya," alisema Nanga. "Mgeukie mwenzako, mkaguane vifaa. Halafu tuingie majini."