Mita Iliyokwama Kwenye Nne Nukta Tisa

Kila siku akitoka shule, Aili Kangas alisomba theluji mlangoni, akala kipande cha pasti ya jana, andazi la nyama na viazi, kikiwa baridi, kisha akashuka chumba cha chini kwenye leza zake. Wiki ile theluji aliisomba ovyo, akaacha ngazi zikiteleza. Jumamosi ilikuwa siku ya maonyesho ya sayansi pale mjini Hancock, na roho yake yote ilikuwa huko.

Alikuwa na kalamu tatu za leza: nyekundu, kijani na zambarau. Zote ziliandikwa ubavuni kwamba nguvu ya kila moja haizidi miliwati tano. Na sheria ya maonyesho ilikuwa hiyohiyo: ikizidi tano haiingii ukumbini, maana yaweza kuunguza jicho kabla mtu hajapepesa. Mwanafunzi apime mwenyewe, aandike kwenye fomu, mtu mzima atie sahihi. Mwaka uliopita Aili alikuwa mtazamaji tu. Safari hii aliapa kwamba mdogo wake Eino angechora maumbo ukutani kwa leza ya kijani na vioo, mbele ya watoto wa darasa la kwanza.

Shangazi yake Ruth, aliyechonga majina kwenye vikombe vya ushindi kwa mashine ya leza, alimweleza kuhusu mita, vifaa vya kupimia nguvu ya leza. Ziko za kupima mwanga, akasema, hujibu papo hapo lakini huzidiwa upesi. Na ziko za kupima joto, hizo zinastahimili, ila sharti usubiri. Aili alisikia "papo hapo", mengine yakaingia sikio hili yakatokea lile. Akaagiza ile ya haraka, yenye tarakimu za buluu zinazong'aa.

Mita ikampa nyekundu tatu, kijani nne nukta tisa, zambarau nne nukta tisa. Akafurahi kweli. Jumatano, wote wakiwa wamevaa miwani ya kinga, Eino akaelekeza ile ya kijani kwenye puto jeusi. Likapasuka.

"Profesa," Eino akasema, "leza ya miliwati tano haipasui puto."

"Umejuaje wewe?"

"Si ulinifundisha mwenyewe wiki jana?"

Aili akamfukuza chumbani. Akabadilisha betri, akafuta kitundu cha mita, akasoma kijitabu mara tatu. Nne nukta tisa. Alhamisi pia, nne nukta tisa. Alitamani kuitupa kwenye theluji. Kilichomkera zaidi ni kwamba mita ilimpa jibu lilelile alilolitaka, naye hakuliamini tena.

Ijumaa, kwa hasira tu, alizielekeza kijani na zambarau kwa pamoja kwenye kitundu kimoja. Nne nukta tisa. Akaketi chini. Mbili haziwezi kuwa sawa na moja. Mita ilikuwa imefika mwisho wake, kama mizani ya jikoni inayoishia kilo tano: hata uipakie gunia, itakuambia tano.

Hakuna aliyejua ila yeye, na fomu ilikuwa imeshajazwa. Jioni Shangazi Ruth alikuja kutia sahihi. Akasoma tarakimu, akauliza kama amepima mwenyewe, Aili akaitikia kwa kichwa. Kalamu ikagusa karatasi. Pembeni Eino alikuwa akifanya mazoezi ya vioo, uso wake umevikaribia kabisa.

"Shangazi, usitie," Aili akasema. "Nimepima kweli, lakini mita haisemi kweli. Nimejua leo, nikanyamaza."

Ruth hakumgombeza. Alivaa koti, akaenda dukani kwake, akarudi na mita yake ya joto, yenye uso mweusi. Tarakimu za ile ya kijani zilipanda polepole, Aili aking'ata kucha: thelathini, sitini, zikatulia kwenye themanini na saba. Zambarau ikapita mia. Ni nyekundu peke yake iliyobaki tatu. Aili alilia, na hakujua kama analilia leza au ujinga wake.

Basi Jumamosi Eino alichora kwa leza nyekundu hafifu, na bango la Aili likasema: "Mita yangu ilinidanganya, na hivi ndivyo nilivyoikamata." Hakupata kikombe. Lakini kwenye meza jirani alikuwapo mvulana mwenye leza ya kijani, amezungukwa na watoto wadogo. Alilisoma bango polepole, akaitazama mita yake yenye tarakimu za buluu, akaitazama fomu yake. Kisha akaizima leza, akaitia mfukoni.

Shangazi Ruth alikuwa ameona yote. Alimshika Aili begani.

"Kuchagua mita mbaya ni kosa la kila mtu, mwanangu, hata mimi nimewahi," akasema. "Lakini kipimo kikikupa jibu unalolitaka, hapo ndipo ukipime mara ya pili. Na ukijua si kweli, sema kabla mtu hajatia sahihi. Macho ya watoto wale hayana vipuri."

Aili aliwatazama wale watoto wakikimbilia meza nyingine, wakisukumana na kucheka. Akaenda kwa yule mvulana kumweleza ilipo mita ya shangazi yake.