Nywila ya Adau

Kila alasiri masomo yalipoisha, Adau alijikokota hadi chumba cha kompyuta cha shule yao huko Kakuma. Joto la mabati lilimchosha, lakini wenzake walimchosha zaidi.

"Adau, nifungulie!"

"Na mimi pia, Adau!"

Mwalimu Esekon alikuwa amempa kila mwanafunzi nywila ya kufungulia kompyuta, yenye herufi, tarakimu na alama kumi na mbili, zimevurugwa kama mahindi na maharagwe ya githeri. Kila Jumatatu alizibadilisha, na alikataza kuziandika popote. Katika darasa zima la saba, Adau peke yake ndiye aliyeweza kuikariri yake. Kwa huruma, na kwa kuchoka kuinukainuka, akawapa wote nywila yake. Basi darasa zima likawa linaingia kwa jina lake.

Alhamisi moja ya mwaka wa 2013, alikuta ripoti ya darasa kuhusu maji haipo. Walikuwa wameiandika kwa wiki tatu, na kesho yake ilipaswa kupelekwa Lodwar kwa mashindano. Adau alimwita Mwalimu.

Mwalimu Esekon alichunguza kompyuta. "Imefutwa jana, Adau. Jina ni lako."

Adau angeweza kusingizia kwamba mashine imeharibika. Uongo ulimfika ulimini kabisa, lakini alikuwa hoi, na uongo nao ni kazi.

"Si mimi nilifuta, Mwalimu. Lakini nilipea kila mtu nywila yangu. Nimekosa."

Wal, mvulana mrefu wa dawati la nyuma, akasimama. "Ni mimi, Mwalimu. Nilitaka kufuta kazi yangu, nikafuta ripoti. Nywila yangu nilisahau, nikatumia ya Adau."

"Nani anakumbuka yake?" Mwalimu aliuliza. Hakuna mkono ulioinuka ila wa Adau. Akajipangusa jasho. "Basi hata mimi nimekosa. Nimeweka kufuli linalomfungia nje mwenye nyumba."

Papo hapo akawaruhusu wachague wenyewe maneno manne wanayoyakumbuka yawe nywila zao. Wal akatangaza kwamba ataanza na jina la ng'ombe wake. Darasa likaangua kicheko. Kwao kijana huitwa kwa jina la ng'ombe wake, na uwanjani walimwita hivyo kila siku!

"Tafuta ingine, Wal, na usitwambie!" Adau alisema.

Waligawana kurasa za ripoti, wakainakili upya kutoka kwenye madaftari walimoiandika kwanza, kila mmoja kwa jina lake. Adau aliandika bila kuitwa hata mara moja. Ripoti ilipungua kurasa mbili, lakini iliwahi gari la Lodwar.

"Adau," Mwalimu alisema akifunga mlango, "ukimpa mtu nywila yako, umempa jina lako, na lolote atakalofanya utalijibia wewe. Nami sitaweka tena sheria isiyoshikika, kwa maana hii imewafundisha watoto wazuri kuivunja."