Vifaa Vyote Vilikuwa Vizima

Kompyuta ikiganda katikati ya gemu, mchezaji hutukana. Hupiga meza, huzungusha mausi, humlaani aliyeiunda na aliyeiuza. Fundi alikuwa ametengeneza kompyuta za watu kwa miaka kumi na mbili na hakuwahi kukutana na anayefanya vingine. Ndiyo maana picha iliposimama kwenye kioo alishangaa kidogo kumwona mdogo wake, Kitinda, mwenye mdomo usio na breki, amekaa kimya.

Alishangaa kidogo tu, maana alikuwa amechoka. Mchana kutwa aliinamia mashine za wengine, akirudi anaikuta hii ya nyumbani imeharibika. Mganga hajigangi. Lakini Jumamosi kulikuwa na fainali ya mashindano, Kitinda alikuwa amefuzu, na tangu wamzike mama yao hiyo ndiyo wiki ya kwanza Fundi kumsikia mdogo wake akicheka. Yeye ndiye dada aliyemlea tangu Kitinda ana miaka tisa, mama alipoanza kuugua. Kwa kicheko kile angeifungua mashine hiyo mara mia.

Alifuata njia yake ileile: badilisha kifaa kimoja, jaribu, nenda kingine. Alibadilisha memori, ikaganda. Kadi ya picha, ikaganda. Pawa saplai, diski, mazabodi, yote kazi bure. Siku ya tatu alileta boksi jipya, kioo kipya na waya mpya. Katika ile ya zamani hakikubaki hata skrubu.

"Haya, jaribu."

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limejaa dirishani. Kitinda alicheza dakika ishirini, akitamba na kuwasimanga wapinzani. Kisha picha ikasimama, na chumba kikajaa harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Fundi aliinama kusikiliza feni. Hazikuvuma kama feni. Zilivuta, zikatulia, zikaachia, zikavuta tena. Akainua macho amwambie Kitinda asikilize, na hapo ndipo moyo ulipompasuka, kwa kuwa macho ya Kitinda yalikuwa wazi bila kupepesa, kidole kimeinuka juu ya mausi bila kushuka, kifua hakipandi wala hakishuki, na ile pumzi iliyopaswa kuwa ya mdogo wake ilikuwa inaingia na kutoka huku chini, ndani ya boksi, taratibu, bila haraka, kama ya mtu aliyekula akashiba na sasa anajilaza, naye Fundi akimtikisa na kumwita na kumtikisa tena bila kujibiwa.

"Imeganda tena, eh?" Kitinda akasema, kidole kikishuka. "Afadhali leo. Hata sekunde haijafika."

Fundi alitazama saa ya ukutani. Dakika nne. Jana zilikuwa mbili, juzi moja, naye alidhani mdogo wake amenuna tu. Hadi Jumamosi ingekuwaje?

"Inuka hapo," alinong'ona, asijue anamficha nani.

"Kwani kuna nini?"

"Ulikuwa hupumui. Nimebadilisha kila kitu, Kitinda. Hakijabaki kingine ila wewe."

Kitinda alitaka kucheka, kicheko hakikuja. "Dada, tutafute mtu anayejua mambo haya."

"Tutamtafuta. Lakini kwanza nijue."

Akakaa yeye. Hakuwa mchezaji, aliuawa, akafufuka, akauawa tena. Picha haikusimama hata mara moja. Akavua hedifoni akitabasamu.

"Imepona!"

Jua lilikuwa limeshahama dirishani. Kitinda amepiga magoti pembeni yake, sauti imemkauka, viganja vyekundu.

"Nimekuita saa nzima," alisema. "Nimekupiga makofi, dada. Nimekupiga!"

Ndipo shavu la Fundi likaanza kuwaka. Akaweka mkono kwenye kifua cha mdogo wake. Kilipanda, kikashuka, kikapanda. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

"Nipishe nikae mimi," Kitinda alilia. "Kitu hicho kitanirudia mimi, wewe utapona."

"Thubutu!"

Fundi akachomoa waya ukutani. Feni zikazima, harufu ikakatika. Walikumbatiana pale sakafuni, wakilia na kucheka kwa pamoja.

Kisha akaenda bafuni kunawa uso. Akafungua bomba, akakinga viganja. Maji yalikuwa baridi, mazuri, na kwa mara ya kwanza wiki nzima hakuhisi uchovu. Akahisi miguu imelowa. Akatazama chini. Sinki lilikuwa limefurika, maji yamepita kizingiti na kuingia hadi chumbani.

Kitinda alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni, hathubutu kuingia.

"Dada?"

"Nipo," Fundi alijibu upesi.

Kitinda akarudi nyuma hatua moja.

"Umekuwa ukinijibu hivyo tangu nifike hapa," alinong'ona. "Lakini mdomo wako ulikuwa haufunguki."