Bonde la Kondoo

Jumamosi ile soko la Bury, mji mdogo wa Uingereza, lilifurika watu. Janine Haslam, koti jekundu, nywele zimelowa mvua, aligeuka ghafla na kummwagia haradali mwanamume aliyekuwa nyuma yake.

"Samahani jamani! Shati lote!"

"Usijali, kipenzi. Lilikuwa limepauka, sasa limepata rangi."

Wakala soseji za damu kwenye sahani moja. Aliitwa Clive, fundi wa paa. Jina la ukoo hakulitaja, na kwa miezi mitatu ya simu na mabusu, Janine hakuuliza.

Akalijua kwa daktari wa meno. "Clive Shufflebottom!" muuguzi aliita. Kwa Kiingereza ni kama kumwita mtu Mburuza-makalio! Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Janine akacheka kuwashinda wote, hadi machozi. Alipofuta macho, Clive alikuwa ameshatoka.

Siku nne simu haikupokelewa. Ya tano ikajibiwa.

"Nilicheka vibaya, mpenzi. Nisamehe."

"Shuleni walikuwa wakiburuza makalio mbele yangu kunidhihaki, Janine. Nimeshajaza fomu ya kubadili jina. Kesho naipeleka."

"Subiri kwanza!"

Akakimbilia maktaba. Mzee mtunza kumbukumbu akamfungulia vitabu vya kale, kidole kikipita mstari kwa mstari. Janine akasoma, akasoma tena, akatoka mbio bila mwavuli.

Alimkuta Clive juu ya paa la jirani yake.

"Shuka!"

"Nina kazi."

"Basi nitapiga kelele mtaa wote usikie! Si makalio, Clive! Hiyo *bottom*, kwa Kiingereza cha kale, ni bonde! Mababu zako walikaa bonde lenye chemchemi ya kondoo, hapa hapa karibu na Bury. Watu wamelikoroga jina kwa miaka mia kadhaa, ndipo likawa hivyo!"

Nyundo ikanyamaza. Clive akashuka ngazi taratibu, vumbi hadi kwenye kope.

"Bonde?"

"Bonde. Na maji safi."

"Baba alikufa akilionea haya," alisema.

Janine akamshika mikono. "Mimi silionei haya. Nipe na mimi."

"Nikupe nini?"

"Jina, mjinga wewe! Nakuposa!"

"Watakucheka kila utakapoitwa."

"Wacheke. Wakimaliza, nitawaeleza habari za kondoo mpaka waombe msamaha."

Clive akatoa fomu mfukoni, akaichana vipande vinne, kisha akambusu Bi. Shufflebottom mtarajiwa huku majirani wakipiga makofi madirishani.