Fungu la Kitinda

Haya yalimkuta jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa kompyuta wa chuo, ambaye mtaa mzima tulimwita Mtaalamu. Aliishi na dada yake mdogo, mshonaji, anayeitwa Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi. Wazazi wao walishatangulia, wazee wengine wa ukoo wakafuata mmoja mmoja, wakabaki wawili tu kama macho. Mtaalamu alimpenda dada yule kupita kiasi. Hilo ulishike.

Likizo moja, chuo kikiwa kitupu, alifungua stoo akakuta kompyuta nane kuukuu zimelala, hakuna anayezitaka. Mwalimu mmoja alikuwa na hesabu za mvua na mafuriko, ambazo kompyuta moja ingezitafuna mwezi mzima. Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Mtaalamu. Akazipanga mezani, akaziunganisha kwa waya ili zifanye kazi kama mashine moja. Kompyuta yake ya kila siku akaifanya kiongozi: hiyo ndiyo ingekata kazi mafungu na kumpa kila mmoja fungu lake.

Ila kiongozi hawezi kumgawia kazi asiye na jina. Mtu mwingine angeandika moja, mbili, tatu, mambo yakaisha. Huyu, kwa upweke wake, akaziita Baba, Mama, Babu, Bibi, Mjomba, Shangazi na Baba Mkubwa. Wote saba wako makaburini. Ya nane akakosa wa kumpa, akaandika Kitinda. Kisha akaweka utaratibu: kila asubuhi, na kila jina jipya linapoandikwa, kiongozi aite majina, na kila kompyuta iitike "Nipo" ndipo ipewe kazi.

Asubuhi ya kwanza waliitika wote wanane. Mtaalamu akajipongeza kwa chai. Kikombe kikiwa mdomoni, akaona waya wa Babu uko sakafuni, haujachomekwa popote. Akauchomeka, akajiambia macho yamechoka.

Saa nne simu ikaita. Alikuwa dada yake.

"Kaka, asubuhi uliniitia nini?"

"Mimi? Sijakuita."

"Nimesikia jina langu. Nikaitika nipo, ukanyamaza."

"Wewe nawe. Bibi alitukanya nini? Ukiitwa na usiyemwona, usiitike."

"Ningejuaje?" Akashusha sauti. "Kabla yangu niliwasikia wengine wakiitika. Mama alikuwemo."

Mtaalamu akamtania kwamba ameota, akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kikavu.

Saa sita kompyuta iliyoitwa Kitinda ikawa moto haigusiki. Akaifungua ubavu, akaipuliza feni yake kwa nguvu, vumbi la kijivu likaruka usoni mwake. Ikapoa kidogo, naye akaenda nyumbani kula.

Alimkuta dada yake kwenye cherehani. Miguu inakanyaga. Sindano inapiga kitambaa, wala haina uzi. Macho wazi, lakini hayamwoni mtu. Akamgusa paji la uso: moto. Dada akakohoa ndani ya leso, na leso ikabaki na vumbi la kijivu.

"Kitinda," alinong'ona. "Acha basi, mdogo wangu."

"Sijamaliza fungu langu," akajibu.

Habari za mafungu Mtaalamu hakuwahi kumweleza. Alimwita mke wangu aje amshike, naye mwenyewe akakimbilia chuoni na viatu vya ndani.

Kule stoo skrini ilionyesha saba wamemaliza mafungu yao ya siku ile. Kitinda hakuwa amefika hata nusu. Mtaalamu akampigia mke wangu simu.

"Naizima hii mashine. Niambie anafanyaje."

Akazima.

"Hapumui," mke wangu alisema. "Mtaalamu, dada yako hapumui."

Akawasha. Feni ikazunguka, na kwenye simu akasikia pumzi ndefu ikivutwa.

Aliogopa, hakuna kuficha. Na alijua kosa ni la nani. Wale saba hawakuwa na ubaya wowote. Waligawana kazi sawasawa kama alivyowapanga, na hakuna aliyewaambia kwamba mmoja wao bado yu hai.

Akalifuta jina la Kitinda. Skrini ikaandika: fungu hili halina mwenyewe. Ilitaka jina. Akatafuta la kuandika, akajikuta hana ndugu mwingine duniani.

Akaandika: Kaka.

"Ameamka," mke wangu alisema kwenye simu, analia. "Anaomba maji. Anakuulizia."

Mtaalamu naye alilia. Kisha, nyuma yake, mama yake akamwita. Kwa sauti ileile ya kumwitia chakula.

Hakugeuka. Alikumbuka maneno ya bibi. Alikumbuka pia utaratibu wake mwenyewe: asiyeitika ndani ya sekunde kumi, fungu lake hurudi kwa aliyekuwa nalo mwanzo. Sekunde ya saba. Ya nane. Mke wangu, simu bado ikiwa sikioni, alisikia sauti ya mwanamke asiyemjua. Halafu akamsikia Mtaalamu.

"Nipo."

Tulimkuta kitini, macho wazi, vidole vinagonga meza. Yuko hivyo mpaka leo. Akilishwa anakula, ila hajasema neno. Kompyuta saba zilivunjwa zikauzwa kama chuma chakavu. Ile ya nane na kiongozi wake ziko sebuleni kwa Kitinda, na betri kubwa pembeni umeme usije ukakatika. Kitinda huipangusa kwa kitambaa laini. Haipulizi kamwe, wala haruhusu mtu aipulize.

Kila asubuhi majina manane yanaitwa kwenye skrini, na yote manane yanaitika, hata ya zile zilizovunjwa. Kisha unatokea mstari wa tisa, ambao hakuna mtu aliyeuandika: Kitinda. Unangoja sekunde kumi, halafu unafutika.

Muda huo ukifika, utamkuta ameketi karibu na kaka yake, amemshika mkono, na amejifunga kitambaa mdomoni kwa fundo gumu kisogoni. Wageni hudhani ni kwa ajili ya vumbi.