Sauti Iliyoitika Stoo

Hebu fumba macho kidogo, uione nyumba hii: jua linaelekea kuzama, ndoo zimejaa maji, simu zote ziko kwenye chaji, na nyama yote ya friji inachemshwa kabla haijaharibika. Redio imetangaza kwamba umeme utakatika kwa siku kadhaa. Mama, mshonaji wa nguo, anapiga pasi sare ya mwanawe haraka haraka. Bibi, mkwewe, anasawazisha utambi wa kandili. Na binti, ambaye kwa kuongea kwake wanamwita Chiriku, anauliza maswali bila kumeza mate.

"Mama, giza likikaa sana linaoza?"

"Wee Chiriku, utakausha koo."

Mama alikuwa na utaratibu wake. Taa zikizimika, mtu asitembee, asije akajikwaa; yeye ataita, kila mmoja aitike pale alipo. Wakajaribu taa zingali zinawaka.

"Chiriku!"

"Nipo!"

Sauti ilitoka stoo, kwenye pipa la maji. Chiriku alikuwa mbele ya mama, mdomo umejaa nyama.

Bibi akacheka. "Mwangwi huo. Debe tupu haliachi kuvuma."

Mama akaenda kuchungulia. Pipa lilikuwa limejaa pomoni. Akalifunika, akarudi kwenye pasi yake.

Umeme ulikatika Chiriku akiwa katikati ya swali. Mama akaita, kama walivyopatana.

"Chiriku!"

"Nipo, mama," stoo ikajibu.

Akaita tena, na tena, na kila alipoita sauti ile ilizidi kunenepa na kusogea, ikitanguliwa na harufu ya utambi uliozimwa ingawa kandili ilikuwa bado haijawashwa, mpaka akahisi vidole vidogo vya baridi vikimshika magoti, akapapasa, akaukuta uso wa mwanawe, mdomo ukifunguka na kufumbika, ukifunguka na kufumbika, bila kutoa hata chembe ya neno.

"Usiite tena, mwanangu," bibi akanong'ona. "Kila ukiita, unampa."

"Nampa nini, mama?"

"Sauti ya mtoto."

Umeme ulirudi. Sauti haikurudi. Mganga alikuja, akafukiza ubani, akaliinamia pipa kwa muda mrefu, akainuka amechoka.

"Jini huyu hafukuzwi. Ana njaa ya kuitwa na kuitikiwa. Mkimnyima, ipo siku ataitapika sauti. Mkimwitikia hata mara moja, itakuwa yake milele."

"Ipo siku ndiyo lini?"

"Ningejua, ningekwambia, dada yangu."

Mama hakulia. Alirudi kwenye cherehani, akashona kola, akashona mifuko, moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Kila jioni stoo huongea kwa sauti ya mwanawe, taratibu, kwa deko: "Mama, viatu vyangu vinabana. Mama, mbona kimya? Nimekukosea nini, mama?"

Jana mguu wa mama ulitulia juu ya pedali. Midomo ikaachana. Chiriku akainuka kwenye mkeka, akauziba mdomo wa mama kwa kiganja chake, akakibana hapo mpaka stoo iliponyamaza.

Basi, mwanangu, nakuomba ukumbuke moja tu: gizani usimwite umpendaye. Nenda ukamguse.