Mfupa wa Kidole Kidogo

"Tulia! Ukitikisika narudia picha, na safari hii sitabembeleza."

Mchumba wake akatulia, mkono wa kulia umelazwa mezani, umevimba mpaka vidole havikunjiki. Hospitali nzima ilimwita binti huyu Dada Mifupa, maana kazi yake ilikuwa kupiga eksirei. Leo Jumatano, harusi Jumamosi, na bwana harusi ndiyo kwanza kaja na mkono huo!

"Umeumiaje?" Kila mgonjwa huulizwa, na jibu huandikwa kwenye fomu kabla picha haijatoka.

"Nimeteleza bafuni, mpenzi. Nikajikinga kwa kiganja. Nadhani ni ule mfupa wako wa kifundo... skafoidi, siyo?"

Dada Mifupa akajikuta anatabasamu. Alipokuwa chuoni, huyu fundi simu ndiye aliyemshikia daftari kila Jumapili na kumuuliza mfupa mmoja mmoja. Klavikula? Mtulinga. Skapula? Mfupa wa bega. Kila akipatia, busu. Penzi lao lilianzia hapo.

Akaandika "ameteleza bafuni", akaenda nyuma ya kioo, akabonyeza. Picha ikatokea, tabasamu likamfutika. Skafoidi ilikuwa nzima. Uliovunjika ni metakapali ya tano, mfupa wa kiganja unaobeba kidole kidogo, tena umevunjika shingoni. Anayeteleza na kujikinga kwa kiganja havunji huo. Huo huvunjika kwa ngumi.

"Hebu niambie tena, ulianguka vipi?"

"Si nimeshakwambia? Bafuni!"

"Ukatanguliza kiganja?"

"Sasa unanihoji kama polisi! Mimi mgonjwa, ujue."

"Nenda chumba cha plasta. Nakuja."

Hajakaa sawa, ujumbe ukaingia kwenye simu. Ni fundi cherehani wake: "Bibi harusi, samahani sana, gauni limechanika ubavuni. Nipe mpaka Ijumaa, na usije kuliona kabla."

Akasonya. Siku gani hii!

Mgonjwa aliyefuata aliingia ameshikilia taya kwa taulo, hawezi kusema neno.

"Pole, kaka. Umeumiaje?"

Mwanamume akaandika kwenye simu yake, akamgeuzia: "Ngumi. Nimerudi safari bila kutoa taarifa, nimemkuta mtu na mke wangu chumba cha cherehani."

Dada Mifupa akaganda. Akampiga picha. Mandibula, mfupa wa taya la chini, imevunjika upande wa kushoto, upande unaofikiwa na ngumi ya kulia.

"Kaka, mkeo anashona nini?"

"Magauni ya harusi. Moja limechanika tukipigana. Huyo mtu anasema alilifuata la mchumba wake."

"Mchumba mwenyewe ni mimi."

Mwanamume akafungua mdomo kusema, akaguna kwa maumivu. Akaandika haraka: "Yuko wapi?"

"Niachie mimi. Taya lako halitaki ngumi nyingine leo."

Akazichukua picha zote mbili na ile fomu, akaenda chumba cha plasta akitembea kwa kishindo. Mfunga plasta alikuwa anamalizia. Dada Mifupa akabandika picha kwenye ubao wa taa.

"Huu mkono wa nani?"

"Wangu. Kwani vipi?"

"Na hili taya?"

Mchumba akainamia plasta yake.

"Nakuuliza! Mandibula nilikufundisha mwenyewe. Hii ni ya mume wa fundi wangu wa gauni!"

"Mpenzi, yeye ndiye aliyenianza..."

"Kakukuta na mkewe ndani kwake, ulitaka akuandalie chai?"

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Nilikutajia mifupa nikidhani nafundisha mpenzi, kumbe nafundisha mwongo! Skafoidi! Huna hata haya! Tangu lini?"

"Tangu... siku uliponituma nikupelekee kitambaa."

"Kwa hiyo nilikutuma mwenyewe. Kwa mkono wangu."

"Nisamehe. Ni shetani tu."

"Huyo shetani naye mlete, nimpige eksirei!"

Mfunga plasta akageukia kabati, akajifanya anatafuta bandeji.

"Sikiliza," mchumba akabadilisha sauti, akawa mkali. "Kadi zimeshagawiwa. Ndugu wako njiani. Utamwambia nini mama yako? Hunipendi tena?"

"Nakupenda, na ndicho kinachoniuma, mshenzi wewe!"

Akatoa simu, akampigia mama yake palepale, akaweka spika wote wasikie.

"Mama, waambie watu harusi hakuna."

"Weee! Mwanangu, kuna aliyekufa?"

"Hakuna, mama. Bwana harusi kavunjika mfupa."

"Mfupa tu? Si utaunga?"

Bwana harusi akainua macho, akaanza kuitikia kwa kichwa, akikubaliana na mama mkwe.

"Wake utaunga, mama. Wiki nne tu. Mimi siungi."

Akakata simu. Akavua pete ya uchumba, akaibandika juu ya plasta ambayo ilikuwa bado mbichi. Akachukua fomu, akafuta "ameteleza bafuni", akaandika "ngumi", akaweka sahihi.

Kisha akarudi chumba chake cha eksirei, akafunga mlango, akaenda kulia nyuma ya kioo.